Dola na Reli: Programu Huria kwenye Simu Yenye Ruti

Hotuba kwa mafundi simu na wanafunzi, Mwanga, Kigoma Mjini. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaondoa marudio na kelele za bodaboda.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na wengine wote, habari za mchana.

Mwenyekiti, mafundi wenzangu wa Mwanga na Gungu, wanafunzi kutoka Ujiji, na nyinyi mliodamka na Hiace ya kwanza kutoka Kasulu, asanteni kwa kuja. Nimepewa saa moja, na mwenye projekta kanikumbusha kwamba saa hiyo ni pamoja na maswali. Basi tusizunguke.

Mada mliyonipa ni kusakinisha programu huria, zile ambazo chanzo chake kiko wazi kwa wote, za mstari wa amri, yaani za kuandikiwa badala ya kubonyezwa, kwenye simu iliyorutiwa, iliyofunguliwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Neno langu kubwa nalitanguliza, ili hata anayewahi swala ya alasiri aondoke nalo: simu yako ikiwa na ruti, sakinisha programu zako kana kwamba haina. Ruti iite kwa amri moja, ifanye kazi iliyoitiwa, iende zake.

Naona nyuso zimekunjamana. (Kicheko) Naelewa. Mtu amekesha na waya wa USB, amekubali simu ifutwe picha zote ili butiloda, programu ndogo inayowasha mfumo, ifunguke, na leo anaambiwa asijivunie alichokipata. Jivunie. Ila ujue ruti inafungua milango ipi, maana mingi unayodhani imefungwa ilikuwa wazi siku zote, hujaisukuma tu.

Tuanze na chombo chenyewe. Wengi mliomo humu hamna kompyuta mpakato, na mwaka huu hamtanunua. Hakuna aibu. Ndani ya kila simu ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa yenye kioo kilichopasuka, mna keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Simu ya kwanza ya Android ilipoingia sokoni mwaka 2008 ilikuja na keneli hiyo, na mpaka leo haijabadilishwa na nyingine. Kinachokosekana ni vifaa vya kuizunguka. Kwenye kompyuta ya Linux unakuta amri chungu nzima zilizokwisha kuwekwa. Google wao waliweka vyao: maktaba kuu ya C, yaani vipande vya pamoja ambavyo programu hutegemea, inaitwa Bionic badala ya ile glibc ya kompyuta, na amri ndogondogo kama ls na cp zinatoka Toybox tangu Android 6. Jina hilo la Bionic lishikeni, litatusumbua baadaye kidogo.

Pengo hilo linazibwa na Termux. Hii ni programu huria inayokupa terminali, dirisha la kuandikia amri, pamoja na ghala la pakiti, yaani programu zilizo tayari kusakinishwa. Python, git, ffmpeg, ssh, rsync, nano, hata clang ya kukompaili, yaani kugeuza chanzo kuwa programu, vyote vinaingia kwenye simu ambayo haijaguswa na fundi yeyote. Haihitaji ruti. Narudia kwa ajili ya waliokaa nyuma karibu na dirisha: haihitaji ruti. Inataka Android 7 kwenda juu, basi.

Ichukueni F-Droid, duka la programu huria, au ukurasa wa mradi wenyewe ulioko GitHub. Ile ya Play Store ina mwendo wake tofauti. Na ukichagua upande mmoja, kaa hapo hapo. Faili la F-Droid na la GitHub yamesainiwa kwa funguo mbili tofauti. Ukiweka Termux ya huku kisha ukafuata nyongeza yake ya Termux:API kule, simu itakuambia programu haijasakinishwa, na sababu haikupi. Nimeona watu wanabadilisha memori kadi kwa kosa hili. (Kicheko)

Jambo la pili kabla ya kupakua ni prosesa. Andika hivi:

uname -m

Ikijibu aarch64, mfumo wako ni wa biti 64. Ikijibu armv7l au armv8l, unatumia mfumo wa biti 32. Wengi wanateleza kwenye hiyo armv8l. Simu kadhaa za bei nafuu tunazozifungua mezani zina prosesa ya biti 64 lakini zimewekewa mfumo wa biti 32 ili zisile RAM nyingi. Boksi linasema kweli kuhusu prosesa, ila programu ya biti 64 utakayoibeba haitawaka. Amini terminali kuliko boksi.

Kusakinisha kwenyewe ni mistari miwili:

pkg update
pkg install ffmpeg

Ghala likiwa zito, andika termux-change-repo uchague lingine. Mtandao ukikatika njiani, rudia amri ile ile; haianzi upya, inaendelea pale ilipoishia. Hapo nimemaliza habari ya kusakinisha. Kweli kabisa. Kilichobaki ni yale yanayowapata watu wenye ruti ambayo wasio na ruti hayawapati.

Tazameni ukutani, hii ni simu yangu.

$ whoami
u0_a217

Huyo u0_a217 ndiye mimi, kwa macho ya Android. Kila programu kwenye simu hupewa namba yake ya mtumiaji, kuanzia 10000. Mimi hapa ni 10217. WhatsApp ina namba yake, kikokotoo kina namba yake, na mwenye namba moja hagusi mafaili ya mwenye namba nyingine. Ni desturi ya zamani ya Unix, iliyotungwa kwa ajili ya watu wengi wanaogawana kompyuta moja. Walioijenga Android wakaigeuza, badala ya watu wakaweka programu. Mimi huwa naona hilo ni wazo la werevu kuliko yote kwenye mfumo mzima, na halisemwi vya kutosha.

Sasa naita ruti kwa amri ya su.

$ su
# whoami
root

Mmeona? Dola, ile alama ya $ mwanzoni mwa mstari, imegeuka reli, alama ya #. Ndiyo, reli ile ile unayomalizia ukipiga nyota mia hamsini. Na sisi tunaoishi mwisho wa reli tangu 1914 tunajua ukifika huku hakuna kituo kingine mbele, ni ziwa. (Kicheko na makofi) Namba ya huyu root ni sifuri. Mafaili ya namba zote nyingine yako mkononi mwake, na mfumo haumuulizi mara mbili.

Nikiwa hapa kwenye reli, nimeingia kwa pakiti iitwayo tsu ili amri za Termux zionekane, naandika pkg install python. Someni jibu. Linasema, kwa Kiswahili chetu, kwamba uwezo wa kuendesha amri hii kama root umezimwa daima kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo hata wenye Termux yao hawataki usakinishe kwa ruti. Si mimi tu mzee mwenye woga.

Kwa nini wamezima? Kuna kijana aliniletea simu hapa Mwanga, analalamika kila amri inamjibu Permission denied. Alikwisha futa Termux na kuiweka tena, ikakaa sawa siku chache, ikarudia. Nikaandika ls -l kwenye folda yake ya nyumbani. Safu ya mwenye faili ilipaswa kuonyesha jina lake la u0_a na namba. Nusu ya mistari ilikuwa imeandikwa root root. Yeye mazoea yake yalikuwa kuandika su kila anapofungua terminali, kabla hata hajajua anataka kufanya nini. Akiwa root anavuta kazi yake kwa git, anaandika skripti, yaani faili la amri zilizopangwa, anahifadhi. Kila faili lililozaliwa hapo ni mali ya root. Kesho yake akiingia kama mtu wa kawaida, anakuta vitu vyake mwenyewe vimefungwa. Akaona dawa ni su tena. Anazidi kuzama.

Dawa yake ni mstari mmoja:

su -c "chown -R u0_a217:u0_a217 /data/data/com.termux/files/home"

Jina mweke la kwenu, mlilopewa na whoami mkiwa kwenye dola. Ukisakinisha Termux upya namba inaweza kubadilika, kwa hiyo usikariri ya kwangu. Na mtazame umbo la amri hiyo: su -c, kisha kazi moja ndani ya alama za kufunga na kufungua. Kazi ikiisha, ruti imeondoka, na wewe umebaki kwenye dola yako. Huo ndio mtindo ninaowaombeni.

Sasa tuje kwenye lile linalowaumiza wengi, programu ambayo haimo ghalani. Umeisoma mahali, ina toleo la Linux arm64, ukaipakua. Imekaa kwenye folda ya Download. Unaipa ruhusa ya kuendeshwa, chmod +x, simu inakubali bila neno. Unaiendesha: Permission denied. Hapo ndipo mtu anasema, aha, inataka ruti.

Haitaki ruti. Sehemu ile ya mafaili ya kawaida, /sdcard, haikuumbwa kuendeshea programu. Ukiipa faili ruhusa pale, chmod haikukatalii na wala haibadilishi kitu. Hamisha faili ulete nyumbani kwa Termux:

termux-setup-storage
cp ~/storage/downloads/programu ~/
chmod +x ~/programu

Unaendesha tena. Safari hii inakujibu No such file or directory. Faili hakuna! Unaandika ls, faili liko pale, linakutazama. Naapa hili limewafanya watu wazima watukane. (Kicheko) Maelezo yake ndiyo lile jina nililowapa mlishike. Programu iliyokompailiwa kwa Linux ya kompyuta, ndani yake imeandikwa njia ya msaidizi anayeunganisha maktaba zake kabla haijawaka, kwa arm64 ni /lib/ld-linux-aarch64.so.1. Android inatumia Bionic, na msaidizi wake yuko /system/bin/linker64. Keneli inamtafuta yule wa kwanza, haimpati, inakuambia halipo. Lisilokuwepo ni msaidizi, wewe unadhani ni programu. Hata uwe root mara kumi, msaidizi hatatokea.

Njia za kutoka ziko kadhaa na hazina uzito sawa. Iliyo nyepesi ni kutafuta kama programu hiyo au ndugu yake imo ghalani: pkg search na jina. Mara nyingi imo. Ya pili ni kuchukua chanzo chake ukompaili mwenyewe, na hapa ndipo programu huria inapoonyesha faida, maana ya kufungwa hukupewi chanzo. Unasakinisha clang, make na git, unavuta chanzo, na kama ni cha mtindo wa zamani unaandika ./configure --prefix=$PREFIX, kisha make, kisha make install. Hiyo PREFIX msiisahau. Ndiyo inayoipeleka programu ndani ya Termux badala ya kwenye /usr ambayo simu haina. Simu itapata joto. Itoe kava, iweke kivulini, nenda kale migebuka, urudi.

Ya tatu ni kuweka Debian nzima, mfumo kamili wa Linux wa kompyuta, ndani ya simu. Kuna pakiti ya proot-distro inayofanya hivyo bila ruti, inadanganya programu ione kana kwamba iko kwenye kompyuta yenye /lib na /usr zake. Udanganyifu huo unagharimu kasi. Mwenye ruti anaweza kutumia chroot halisi, amri inayoipa programu folda ya Debian kuwa mzizi wake, hakuna kudanganya, kasi inabaki. Hapo ruti ina faida ya kweli, nakiri bila kinyongo.

Kuna programu zilizoandikwa kwa Go, nyingi zimefungwa maktaba zake zote ndani, kwa hiyo hazimhitaji yule msaidizi na zinawaka Android moja kwa moja. Zinawaka, halafu zikitaka intaneti zinalalamika kuhusu [::1]:53, connection refused. Mtu anakwenda kununua bando jingine. Bando halina kosa. Programu inatafuta faili la /etc/resolv.conf ili ijue imuulize nani majina ya tovuti, Android haina faili hilo, basi inajiuliza yenyewe. Tumia ya ghalani, iliyorekebishwa kwa Android, au iendeshe ndani ya Debian.

Dada pale mbele ameinua mkono.

(Dada: Fundi, shikamoo. Sasa kama kila kitu ni bila ruti, ruti yenyewe ya nini?)

Marahaba mwanangu. Ndilo swali. Nichukue moja inayowagusa wote humu, bando. Una programu moja ya video inayokula data usiku umelala. Unataka iendelee kuwepo lakini isiguse mtandao kabisa. Bila ruti, Android inakupa kuzuia data ya nyuma, siyo ya mbele. Keneli ya Linux yenyewe ina iptables, mlinzi wa kuruhusu au kuzuia mtandao, na iptables inajua namba za watumiaji. Mnakumbuka kila programu ina namba yake? Basi tutafute namba:

su -c "pm list packages -U" | grep video

Itakujibu jina la pakiti na namba, tuseme uid:10184. Tazameni kwamba grep nimeiacha nje ya alama za kufunga. Kuchuja maandishi hakuhitaji mamlaka, kwa nini niipe? Halafu:

su -c "iptables -I OUTPUT -m owner --uid-owner 10184 -j REJECT"
su -c "ip6tables -I OUTPUT -m owner --uid-owner 10184 -j REJECT"

Mbili, siyo moja. Ya kwanza inashika IPv4 tu, anwani za mtandao za mtindo wa zamani, na mtandao wa simu wenye IPv6, mtindo mpya, utaipitisha programu mlango wa pili huku wewe unatamba umeizuia. Ukitaka kuirudisha, badala ya -I weka -D. Ukizima na kuwasha simu, zote zimefutika, kwa hiyo hata ukiharibu, hujaharibu kitu. Ndiyo maana wanafunzi nawaanzishia ruti kwa iptables, kosa lake linaisha kwa kuzima na kuwasha.

Nyingine ni tcpdump, ya kutazama simu yako inaongea na nani kwenye mtandao. Ongezeni ghala la root-repo muipate. Nyingine ni wale wanaotumia simu kuukuu kama seva, imekaa kwenye chaji mchana na usiku. Betri ya lithiamu ikishindiliwa asilimia 100 kwenye joto inavimba, na mafundi mnajua mfuniko unavyonyanyuka. Kuna skripti huria iitwayo ACC inayoambia keneli iache kuchaji ikifika kiwango unachotaka. Bila ruti haifanyi kazi. Seva yenyewe, kwa mfano sshd ya kuingilia simu kutoka mbali, haina shida, Termux inaiweka mlango wa 8022 kwa sababu milango ya chini ya 1024 ni ya root peke yake. Wapo wanaorutisha simu ili tu waipate 22. Andika -p 8022, umalize. (Kicheko)

Kuruti kwenyewe nitapita haraka, maana wengi mmeshapita huko. Magisk, ambayo ni programu huria ya kuruti ya tangu 2016, haigusi sehemu ya /system, inabadilisha boot.img, faili la kuwashia mfumo, na kwenye simu zilizotoka na Android 13 au zaidi mara nyingi ni init_boot.img. Chukueni boot.img ya toleo lile lile la simu iliyopo mkononi, namba kwa namba. Na ile halisi, ambayo haijaguswa, itunzeni kwenye kompyuta na kwenye memori kadi. Simu ikiishia kwenye logo, mtairudisha kwa fastboot, amri ya kuandikia simu kutoka kwenye kompyuta, kabla mteja hajamaliza soda. Wanaotaka kuongeza amri kwenye mfumo wasilazimishe kuandika ndani ya /system, simu za sasa haziruhusu na nyingi hazina hata nafasi. Tengenezeni moduli ya Magisk. Moduli ikileta balaa, washa simu kwa hali salama, Magisk inazizima zote.

Na hili kwa mafundi. Mteja analeta simu, amesahau patani, anasema iruti uniokolee picha za marehemu mama. Mwambieni ukweli kabla hamjapokea hela. Kufungua butiloda hufuta simu yote, imetengenezwa hivyo makusudi ili mwizi asipate kitu. Ruti haiokoi data kwenye simu ambayo haikuwa nayo tangu awali. Na kama ilikuwa nayo ukaweza kuzivuta, picha hizo ni za mteja. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na bakapu iliyosahaulika kwenye kompyuta ya kibanda chako ni jukumu lako.

Habari ya pesa. Programu za benki nyingi zinapima kama simu ina ruti na zinakataa kufunguka. Watu wanahangaika kuficha ruti, leo inafanikiwa, wiki ijayo Google wamebadilisha kipimo. Mimi ushauri wangu ni tofauti: simu ya ruti isiwe simu ya pesa. Menyu ya nyota na reli inapita kwenye laini, haijali simu imerutiwa au la, kwa hiyo hutakwama kutuma nauli. Lakini usiweke akiba ya familia kwenye chombo ambacho skripti yoyote uliyoikubalia su inaweza kukisoma chote.

IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Mnajua kwa nini naitaja. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia Juni 2016, hakuna mwezi unaopita bila mtu kuja kibandani na simu aliyoiokota, anataka namba ibadilishwe. Ruti inawapa baadhi yenu uwezo huo. Sheria ya mawasiliano ya 2010 inalihesabu kosa la jinai, na anayeshikwa ni fundi, mwenye simu ameshapanda treni. Bonyeza nyota reli sifuri sita reli mbele ya mteja, linganisha na boksi, kama havifanani mrudishie simu yake.

Kuna mtu aliniandikia kikaratasi hapa: je, programu huria ni salama kwa kuwa ni huria? Hapana, si moja kwa moja. Mwaka 2024 mwezi Machi, mhandisi anayeitwa Andres Freund aliona kuingia kwa ssh kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Hakupuuza. Akafukua, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika karibu kila Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupachika alikuwa amejijengea imani kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili, anasaidia, anajibu barua, mpaka akakabidhiwa funguo. Mtu mwovu aliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi kwa wote, na hila yake ikafichuliwa kwa sababu mtu mwingine aliweza kufungua na kusoma. Pande zote mbili zichukueni.

Kwenye simu yenye ruti jambo hili lina makali zaidi. Programu mbaya isiyo na ruti inaishia kwenye namba yake, ile 10 elfu na kitu. Ukiipa su umeipa sifuri. Kwa hiyo faili la Magisk lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyelituma ni shemeji yako, msiliweke. Pakueni kwenye mradi wenyewe, na pale wanapochapisha alama ya sha256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, andikeni sha256sum na jina la faili mlinganishe. Na ukikuta maelekezo yanasema curl fulani, amri ya kupakua, kisha alama ya bomba (|), kisha su, hiyo ina maana unampa mgeni ruti kabla hujasoma alichoandika. Pakua skripti kwanza, ifungue kwa nano, isome. Usipoielewa, leta hapa tuisome pamoja. Kibanda changu kiko wazi mpaka saa mbili usiku isipokuwa Ijumaa mchana.

Mwenye projekta ananionyesha saa. Tuingie vitendo. Nimeleta memori kadi yenye Termux ya GitHub, ya jumla na za prosesa moja moja, ili msitumie bando zenu. Wenye aarch64 kaeni upande huu wa dirisha, wenye armv7l na armv8l mkae kule mlangoni, na ambaye hajui bado ni zamu yake kuandika uname. Simu ambazo hazina ruti zianze kwanza, kwa sababu zitamaliza mapema. Wenye ruti, kabla hamjagusa chochote nataka kuona ls -l ya folda zenu za nyumbani, na nikikuta root root tutapiga chown ndipo tuendelee. Waya ni mbili tu, pangeni foleni.